Mlima Hupandwa na Jamaa, Mwendo Huwekwa na Mnyonge



Sisi watu wa Jambiani, na watu wa Unguja kwa jumla, si watu wa milima. Ardhi yetu ni tambarare ya mawe ya matumbawe, na hata Masingini, palipo juu kuliko kwengine kote kisiwani, hapazidi mita 120 hivi kutoka usawa wa bahari. Lakini vijana wetu husafiri. Leo wako skuli hapa kijijini, kesho wako chuoni Arusha, na keshokutwa wenzao huwaalika kwenda kupanda Mlima Meru. Jambo hilo si baya. Kutembea katika ardhi na kuyatazama maumbile ya Mola kwa mazingatio ni jambo tulilohimizwa. Ila kila safari ina adabu zake, na asiyezijua adabu za mlima huenda akateremshwa amebebwa.

Kwanza yafaa mlima wenyewe ujulikane. Meru umo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kimo chake chapindukia mita 4,500. Ni mlima wa moto, ambao mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Zamani sana ubavu wake wa mashariki ulibomoka, ukabaki ukuta mkubwa uliopinda mfano wa mwezi mwandamo. Wapandaji hufuatana na kiongozi wa njia na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwani msituni wamo nyati. Usiku wa kwanza hulala Miriakamba, na wa pili Saddle Hut, penye mita 3,570 hivi.

Siku ya kileleni huondoka usiku wa manane, wakaufuata mgongo wa ule ukuta. Upande mmoja ni shimo la kutisha, na upande wa pili ni mteremko wa majivu na mawe. Pahala pengine mtu hushika mwamba kwa mikono. Jua huwachomozea wakiwa bado njiani, na Kilimanjaro huonekana kwa mbali upande wa mashariki.

Basi hatari iko wapi? Wengi hudhani iko katika kuanguka tu. La! Kuna hatari nyengine isiyoonekana kwa macho, nayo ni hewa. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi, hata kileleni kila pumzi huwa na kiasi kidogo tu kilichozidi nusu ya hewa tuivutayo pwani. Apandaye kwa haraka huumwa kichwa, hutapika, na hukosa usingizi. Akipuuza akazidi kupanda, huenda akapepesuka kama mlevi, maneno yakampotea, au akahema hali amekaa kitako. Hayo ni maradhi ya kuua, na dawa yake ya kwanza ni kuteremka upesi. Tena nguvu za mwili si kinga: kijana mcheza mpira huweza kushikwa, na mwenzake mwembamba akasalimika.

Hapa ndipo ionekanapo hekima ya mafunzo yetu. Tumeagizwa kwamba watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomfanya Uthman bin Abil-As kuwa imamu wa watu wake, alimwagiza awapime kwa aliye dhaifu wao. Hukumu hiyo ni ya sala, lakini nani asiyeona kwamba yafaa mlimani? Mnyonge na atangulizwe mbele, nyuma ya kiongozi wa njia, na wenye nguvu wafuate. Aumwaye kichwa aseme, wala asichekwe, kwani anayemcheka humfundisha kuficha, na kuficha ndiko kunakoua.

Jengine ni saa ya kurudi. Katika hili mtoto wa Jambiani ana elimu tayari. Mama zetu wanapokwenda kwenye mwani, na baba zetu wanapokwenda mwambani maji yakitoka, kila mmoja huijua saa ya maji kujaa, na akirudi na kikapu nusu hapana amwitaye mwoga. Mlima nao una maji yake. Aghalabu mawingu huufunika kabla ya adhuhuri, na ukungu hupoteza njia. Kwa hiyo saa ya kurudi ipangwe chini, kabla ya kuondoka, na ikifika watu wageuke, hata kilele kikiwa mbele ya macho.

Kuhusu ibada, alfajiri huwakuta mgongoni mwa mlima, basi wachague pahala pa salama wasali. Ikiwa maji ni ya kunywa tu na hapana mengine, sharia imetuwekea tayamamu. Nguo ziwe nzito na za stara, kwa wavulana na wasichana, kwani huko juu maji huganda.

Nanyi wazazi, mtoto akija kuomba ruhusa, msimkatalie kwa hofu tu, wala msimkubalie kwa fahari tu. Muulizeni mambo matatu: Amiri wenu ni nani? Saa yenu ya kurudi ni ipi? Mmoja wenu akiugua, nani atateremka naye? Akiyajibu yote, mpeni ruhusa na dua. Akishindwa, mwambieni asubiri. Mlima haukimbii.

Wabillahi Tawfiq.