Batobato Kali ya Mihogo na Jinsi Virusi Vinavyojigeuza

Wanachama wa vyama vya msingi vya Kaisho hujulikana kwa kahawa, lakini riziki ya nyumbani ni ndizi, maharage na mihogo. Ni katika mihogo ndipo wakulima wa Kagera walipoonyeshwa, tena kwa gharama kubwa, kwamba kirusi hakidumu katika hali moja.

Batobato si ugonjwa mgeni. Uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, na kwa muda mrefu mahali pengi ulivumilika: majani yalipata mabaka ya manjano na kujikunja, lakini mavuno yalipatikana. Mwishoni mwa miaka ya 1980, upande wa Luwero nchini Uganda, mihogo ilianza kudumaa shamba baada ya shamba, hata sehemu nyingine watu wakaacha kuilima. Kabla miaka ya 1990 haijakwisha, balaa hiyo ilikuwa imeingia Mkoa wa Kagera.

Ni rahisi kudhani ardhi imechoka. Mwaka 1997 wachunguzi walitangaza chanzo chenyewe. Kirusi hakiwezi kujizalisha. Huingia katika seli ya mmea na kuilazimisha inakili maandishi yake ya urithi, mfano wa mgeni aingiaye ofisi ya chama akatumia karatasi na mashine ya wenyewe. Katika nakala nyingi makosa hayakosekani. Nyingi zenye makosa hupotea. Chache hustawi kuliko zile za awali, na hizo ndizo zinazoendelea kunakiliwa. Kirusi hakikusudii lolote.

Jambo la Uganda lilizidi kosa la herufi moja. Kirusi cha batobato ya Afrika na kile cha batobato ya Afrika Mashariki vilikutana ndani ya mmea mmoja, katika seli moja. Katika kunakiliwa, kipande cha urithi wa kile cha kwanza kikapachikwa katika urithi wa cha pili, mahali panapoongoza utengenezaji wa gamba la kirusi. Hivyo kikazaliwa kirusi kipya. Mmea uliokibeba pamoja na kile cha batobato ya Afrika ndio ulioumia kupita yote.

Inzi weupe hueneza ugonjwa kutoka shina hadi shina, lakini safari ndefu hufanywa na watu wanaobeba pingili. Pingili ya shina linaloumwa huota ikiwa na virusi tayari, na hakuna dawa ya kunyunyizia inayoiponya. Chama kinachokusanya pingili ovyo, nyingine za ng'ambo ya Mto Kagera, huenda kinavikutanisha virusi ambavyo havijapata kukutana.

Mbegu zinazostahimili batobato zimesaidia sana. Hata hivyo, baadhi yake zilishindwa na michirizi ya kahawia, iliyoanza kuenea Uganda tangu mwaka 2004. Ugonjwa huo waweza kuozesha mzizi huku majani yakionekana mazima. Kwa hiyo katibu anayekagua shamba la mbegu hana budi kung'oa mashina kadhaa na kuikata mizizi yake kabla pingili hazijagawiwa.