Mgonjwa aelezwe dawa zake kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nizungumzie jambo linalowasumbua wazee wengi vijijini, nalo ni kutumia dawa za magonjwa matatu kwa wakati mmoja bila ya kuelezwa dawa hizo hufanya nini zinapokutana mwilini. Wapo wanaodhani kwamba kisukari na presha ni magonjwa ya wenye magari. Waje huku Njombe, tunakolima viazi na mahindi kwa jembe la mkono, waone jinsi mabenchi yasivyotosha siku ya kliniki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, si mganga. Haya ninayoandika nimeyapata kwa kumuuguza mama yangu mzazi na kwa kuwauliza waganga mpaka wengine wakanichoka. Mama ana kisukari na shinikizo la damu. Zaidi ya hayo alikuwa na rovu, kama wengi wa rika lake waliokulia nyanda hizi kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea katika miaka ya 1990. Alipasuliwa na tezi yote ikaondolewa, kwa hiyo kila siku humeza kidonge cha levothairoksini badala ya homoni ambayo tezi ingetengeneza. Atakimeza maisha yake yote.

Kidonge hicho kinataka tumbo tupu na maji matupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai. Metformini ya kisukari, kinyume chake, hutumiwa pamoja na chakula, la sivyo tumbo huchafuka na mtu huharisha. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma vipishane na kile cha tezi kwa saa nne, maana chuma hukizuia kisiingie mwilini. Mama alipewa vyote katika vibahasha vilivyoandikwa "1x1" na "1x2", basi. Akavimeza kwa mkupuo mmoja na uji. Nani wa kumlaumu? Mwanafunzi wangu wa darasa la tatu ukimwandikia 1x2 atakujibu mbili.

Lakini hayo ni madogo. Mwanzoni mwa mwaka 2022 hospitali moja ilimwongezea dozi ya kidonge cha tezi. Baada ya majuma kadhaa moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikatetemeka na sukari ikapanda. Homoni hiyo ikizidi, ini humwaga sukari zaidi katika damu na insulini haikai. Kliniki ya kisukari ilipoona sukari imepanda ikamwongezea glibenklamaidi. Kliniki ya presha ilipoona moyo unakimbia ikampa propranololi. Kila kliniki ilitazama kadi yake. Hakuna aliyeuliza kuhusu kidonge cha tezi, ambacho ndicho kilichokuwa chanzo cha yote mawili.

Hatimaye damu yake ilipimwa, dozi ya tezi ikapunguzwa, na zile dawa mbili zikaachwa kama zilivyo. Sasa sukari ikawa haina tena cha kuipandisha, na glibenklamaidi inaendelea kuishusha. Ilikuwa mwezi wa Julai, na wasomaji wanaoijua Njombe wanajua baridi yetu ya Julai. Alfajiri moja nilimkuta mama amelowa jasho, anaongea maneno yasiyoeleweka. Mtu ambaye sukari imeshuka kwa kawaida hutetemeka na moyo humdunda, naye hutambua mapema. Propranololi huzificha dalili hizo mbili, jasho hailifichi. Nilimnywesha vijiko vitatu vya sukari katika maji, akarudiwa na fahamu baada ya dakika kama kumi na tano, nikampa ugali wa jana. Alikuwa bado anaweza kumeza. Angekuwa amezimia nisingemnywesha kitu, kwani kingeweza kuingia mapafuni, na zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa miguu.

Hali kadhalika alipata kikohozi kikavu kwa muda wa miezi miwili. Majirani wakanong'ona kifua kikuu. Alipimwa, hakuna. Akauziwa dawa za kikohozi za maji, tamu kama asali, mgonjwa wa kisukari! Mganga mmoja kijana, ambaye namshukuru sana, ndiye aliyeuliza anatumia dawa gani ya presha. Ilikuwa kaptoprili, ambayo huwaletea baadhi ya watu kikohozi cha namna hiyo. Akambadilishia losatani, na baada ya majuma machache kikohozi kikaisha. Nasisitiza kwamba mganga ndiye aliyebadilisha. Wapo jirani zetu walioacha dawa za presha kwa sababu ya kikohozi au kuvimba miguu, wakaishia kupooza. Propranololi nayo ikiachwa ghafla yaweza kuudhuru moyo.

Liko pia suala la chumvi. Mama aliambiwa aipunguze kwa ajili ya presha, akakataa akihofia rovu kurudi. Ukweli ni kwamba kijiko kimoja cha chai kwa siku ndicho kipimo cha juu kwa mtu mzima, na chumvi kidogo yenye madini joto yatosha kuwakinga watu wa nyumbani.

Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi walikusanyika vijijini kusikiliza redio na kujadiliana kuhusu malaria, kichocho na kuhara, kwa Kiswahili kilichoeleweka na bibi na mjukuu. Iweje leo mzee apewe dawa sita kwa alama za hesabu? Mimi nimemtengenezea mama daftari moja. Limeandikwa kila dawa, ya nini, saa ngapi, pamoja na chakula au bila chakula, na dalili gani ikitokea arudi hospitali. Kila mganga huliona kabla ya kuandika lake. Lakini si kila mzee ana mtoto mwalimu.

Naomba wahusika watujibu katika ukurasa huu huu. Je, ni lini vibahasha vya dawa vitaandikwa kwa maneno kamili? Je, kwa nini mgonjwa mmoja awe na kadi tatu zisizojuana? Na kipimo cha homoni ya tezi, ambacho mama hukifuata kwa basi siku nzima, kitafika lini katika hospitali za wilaya zilizo karibu nasi?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoa wa Njombe.