Meno ya Kufungwa kwa Skrubu: Je, Yatadumu?

Leo tunawaangalia wazee wetu. Nyanya au babu amepoteza meno yote ya taya, na watoto wamechanga pesa nyingi ili afungiwe meno ya bandia yasiyovuliwa. Je, yatadumu, au pesa zitapotea?

Meno haya si yale ya kuvuliwa usiku na kutiwa katika kikombe cha maji. Daktari hutoboa mfupa wa taya na kuingiza skrubu ndogo za titani, mara nyingi 4 hadi 6. Mfupa hukua na kuzishika kabisa, na kwa kawaida huchukua miezi 3 hadi 6. Safu nzima ya meno hukazwa juu ya skrubu hizo.

Mtu wa kwanza kutibiwa hivi ni Gösta Larsson wa Uswidi, mwaka wa 1965, na aliyemtibu ni Profesa Per-Ingvar Brånemark. Larsson alifariki mwaka wa 2006, skrubu zake zikiwa bado zinafanya kazi. Mwaka wa 1981 kundi la Brånemark lilitoa matokeo ya wagonjwa waliofuatiliwa miaka 5 hadi 9: katika taya la chini, skrubu 91 kati ya kila 100 zilikuwa imara; katika taya la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, 81. Skrubu moja ikishindwa, mara nyingi zilizobaki huendelea kubeba safu.

Kwa hivyo ndiyo, yanaweza kudumu. Lakini sikiliza vizuri hapa. Titani haiozi, ila ufizi unaoizunguka huugua. Chakula hujificha chini ya safu, utando wa uchafu hujenga, ufizi huvimba na kutoa damu, kisha usaha. Mfupa huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu yoyote. Skrubu ikianza kutikisika, umechelewa.

Na mzee aliyepooza mkono kwa kiharusi, au anayesahau, atajisafishaje? Hapo ndipo kazi inapokuwa yako. Mketishe mahali penye mwanga. Muombe ruhusa kwanza, maana kushikwa kinywa si jambo dogo kwa mtu mzima aliyekulea. Tumia mswaki laini kupiga nje na ndani, penye ufizi. Kisha pitisha uzi wa meno chini ya safu na kuzunguka kila skrubu. Fanya hivyo kila siku, hasa kabla ya kulala, hata kama amekunywa uji tu.

Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huharakisha uharibifu. Kama mzee anatumia dawa za mifupa, mwambie daktari wa meno kabla skrubu hazijatiwa.

Jino la bandia likivunjika au kulika, usiogope. Hutengenezwa bila kugusa mfupa. Ndiyo sababu, kabla ya kulipa, uliza pia gharama za matengenezo na za kupimwa mara moja au mbili kwa mwaka. Wengi huuliza bei ya kuweka tu.

Ukiona damu, usaha au ukisikia harufu mbaya, mpeleke kliniki wiki hiyo hiyo.