Lua kwa kituo cha majani: njia ipi nafuu?

Ukitaka kuandika programu ya kurekodi kilo za majani mabichi kwenye kituo cha kununulia chai, iwe Litein au Mogogosiek, lugha ya Lua haitakugharimu hata senti. Ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu cha PUC-Rio, Brazili. Leseni yake inakuruhusu hata kuuza unachotengeneza, na furushi lake halifiki megabaiti 1, kwa hiyo bando ndogo inatosha kulipakua. Unacholipa ni memori ya kifaa na muda wako. Lua haina klasi. Objekti hujengwa kwa majedwali, na njia kuu ni tatu.

Metajedwali. Kila mkulima ana jedwali lake lenye namba na jumla ya kilo. Funksheni zinakaa mara moja tu kwenye jedwali `Mkulima`, ambalo ndilo metajedwali; ukiandika `Mkulima.__index = Mkulima` na kutumia `setmetatable`, kila mkulima anazipata huko. Kwa wakulima 500 na funksheni 4, unahifadhi 4 tu. Angalia alama unapoita funksheni `pima` kwa mkulima `m`: `m:pima(12)` inamjua mkulima, ilhali `m.pima(12)` inaichukua 12 kuwa ndiye mkulima, na programu inakwama.

Funksheni zenye siri. Kila mkulima anaundiwa funksheni zake, na jumla yake inafichwa ndani. Msimbo mwingine hauwezi kuigusa ovyo. Usalama huu una bei: zile 4 sasa ni 2,000. Kwenye kompyuta hutaona tofauti, ila kifaa kidogo kitalemewa.

Maktaba. Middleclass ni ya bure, faili moja, na urithi wa klasi umeshatayarishwa. Inafaa mkiwa timu, mradi wote mjifunze taratibu zake.

Ushauri wangu: anza na metajedwali. Lakini ukimwekea mkulima pia orodha ya vipimo vyake, iundwe upya kwa kila mkulima. Ukiiweka ndani ya `Mkulima`, wote watatumia orodha moja, na kilo za mama aliyechuma tangu alfajiri zitachanganyika na za jirani. Hilo ni kosa zito, kwa sababu malipo ya mwezi na bonasi vinahesabiwa kwa kilo hizo. Kabla ya kupeleka programu kituoni, sajili wakulima wawili, mpimie mmoja, kisha hakikisha orodha ya wa pili bado ni tupu.