Kuongeza Chumba kwa Fremu ya Chuma

Familia hukua, nyumba hubaki ilivyojengwa. Ndiyo maana wakazi wengi wenye nyumba za matofali ya kuchoma hufika siku moja wakasimama upenuni, wakapima kwa hatua kama panatosha chumba cha kijana, cha mpangaji au cha duka dogo. Zamani jibu lilikuwa tanuri la matofali, linalokula kuni nyingi, pamoja na mbao zinazosafirishwa kutoka mbali na kusubiriwa na mchwa. Siku hizi wapo wanaoulizia fremu ya chuma, yaani nguzo, boriti na kenchi zinazokatwa na kuunganishwa karakanani, kisha kuletwa kiwanjani na kufungwa kwa bolti.

Jambo lenyewe si geni. Mnara wa simu na paa la kituo cha mafuta hujengwa kwa utaratibu huohuo: kazi ngumu hufanyika karakanani, na kiwanjani hubaki kuinua na kukaza. Kwa nyumba inayokaliwa hiyo ni nafuu kubwa. Watoto hawaishi wiki nyingi katikati ya mchanga na kokoto, wala cheche za kuchomelea hazirukii magodoro.

Hata hivyo, liko kosa moja linaloweza kuharibu nyumba mbili kwa mpigo, ya zamani na mpya. Kosa hilo ni kuifunga fremu kwenye ukuta wa zamani ili kuokoa gharama ya nguzo mbili.

Nyumba ya zamani imekwisha kutulia juu ya msingi wake. Chumba kipya bado hakijatulia. Kitashuka kidogo katika miezi ya mwanzo. Mahali penye udongo mweusi wa mbuga mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa udongo huo huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukiinua na kushusha kila kilicho juu yake. Fremu iliyofungwa ukutani huuvuta ukuta kila inapocheza, nao ukuta wa matofali usio na nondo hubeba mzigo wa kuukandamiza lakini hauwezi kuvumilia kuvutwa. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa, mkoani Kagera, waliona udhaifu huo katika tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi.

Kwa hiyo fremu isimame kwa miguu yake yenyewe, hata upande unaogusana na nyumba. Kila nguzo iwe na msingi wake wa zege uliofika kwenye udongo mgumu. Kati ya chumba kipya na ukuta wa zamani uachwe mwanya wa milimita 25 hivi. Mwanya huo hufunikwa kwa bati lililokunjwa, lakini lipigiliwe upande mmoja tu, ili upande wa pili uteleze. Fundi akilipigilia pande zote mbili, mwanya umekuwa bure.

Jambo la pili ni upepo. Watu hudhani upepo huangusha. Kwa paa jepesi, upepo huinua. Wanaoishi ukingoni mwa ziwa mjini Musoma wanajua dhoruba inavyoezua bati. Fremu ya chuma ni nyepesi, basi lazima ishikwe chini: bolti za kushika kitako cha nguzo zizamishwe katika zege likiwa bichi, zikiwa zimeshikiliwa na ubao uliotobolewa kwa kipimo cha kitako hicho. Zege lipewe angalau siku 7 na limwagiliwe maji kabla ya nguzo kusimamishwa. Vipimo vya kupeleka karakanani navyo vichukuliwe baada ya msingi kukamilika, pamoja na urefu kutoka pembe hadi pembe, maana nyumba zetu za zamani ni chache zenye pembe mraba kamili.

Wakati wa kununua, usitegemee macho. Skwea paipu ya milimita 50 kwa 50 yenye unene wa milimita 2 na ile ya milimita 1.2 hufanana zikiwa zimepakwa rangi. Zipime kwenye mizani: ya kwanza, ikiwa na urefu wa mita 6, huwa na takriban kilo 18, na ya pili takriban kilo 11. Mfanyabiashara anayekataa mzigo usipimwe amekwisha kukujibu.

Paipu zilizopakwa zinki hustahimili kutu, lakini moto wa kuchomelea huunguza zinki hiyo. Kila kiungo kisafishwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu yenye zinki siku hiyohiyo. Vitako vya nguzo viwe juu ya usawa wa ardhi, visizikwe wala kuzungukwa na maji.

Umeme ni suala la uhai. Waya uliochubuka ukigusa fremu, chumba kizima hugeuka kuwa waya. Fundi umeme mwenye leseni aiunganishe fremu na erthi ya nyumba kabla ya chumba kuwashwa taa.

Kuongeza chumba ni ujenzi, nako kunahitaji kibali hata kama hakuna tofali litakalowekwa. Kabla ya kulipa karakana, angalieni mipaka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kwenye barabara kuu, kama ile ya Mwanza–Musoma inayopita Bunda, hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Fremu hufunguka kwa spana, lakini fedha ya msingi uliobomolewa hairudi.

Anzeni kwa Mtendaji wa Mtaa au Kijiji, mkiwa na uthibitisho wa umiliki wa kiwanja na mchoro unaoonyesha nyumba iliyopo, chumba kinachoongezwa na umbali wake hadi kwa jirani. Ombeni pia mhandisi wa halmashauri aone mashimo ya msingi kabla hayajamwagwa zege.