Thamani ya Embe Huongezewa Nani?

Miongoni mwa misemo iliyoenea mno katika hotuba za wakuu wetu ni huu wa "kuongeza thamani". Mkulima hushauriwa asiuze embe bichi bali auze pakiti ya embe lililokaushwa, au sharubati, au jemu. Ushauri huu una mashiko, nami siupingi. Ila sisi wanaisimu tuna mazoea ya kukihoji kila kitenzi. Palipo na kuongeza hapana budi kuwe na anayeongeza na anayeongezewa, na aghalabu wawili hao si mtu mmoja.

Tuchukue mfano wa Makueni. Huko maembe huiva kwa wingi kati ya Desemba na Machi. Januari, miti ikiwa imeinama kwa uzito, shule hufunguliwa na karo hudaiwa. Mzazi hana budi kupokea bei yoyote atakayoitaja dalali, kwani embe lililoiva halimngojei mtu, wala mwalimu mkuu hapokei embe badala ya karo. Mengine huozea papo hapo shinani. Ndiyo maana vikundi vya akina mama vinavyokata maembe na kuyakausha ni jambo la kupongezwa. Embe lililokaushwa vizuri hukaa miezi kadhaa bila kuharibika, na mwenye bidhaa isiyooza anaweza kumwambia dalali aende zake. Kwa maoni yangu, thamani yenyewe imo katika uwezo huo wa kukataa kuliko katika pakiti yenye picha ya kupendeza.

Lakini kukausha ni kuondoa maji, na zaidi ya asilimia 80 ya nyama ya embe ni maji. Anayekata kilo 10 za nyama hiyo anakabiliwa na kilo 8 na ushei za maji ambayo sharti yageuke mvuke. Jua likiwaka, vikaushio vya jua hufanya kazi hiyo bila gharama ya kuni. Taabu ni kwamba mavuno huanza mvua za vuli zikiwa bado hazijakatika. Wingu likitanda siku mbili, vipande huota ukungu. Hapo moto huwashwa, na kuni hukatwa katika vichaka vya migunga vya nchi ambayo tangu hapo ni kame. Gharama ya kuni hizo haiandikwi katika daftari la kikundi, kwa kuwa hazikununuliwa. Zimebebwa mgongoni tu.

Kisha kuna taka. Ganda na kokwa huweza kufikia theluthi moja ya uzito wa embe, na pengine kuzidi. Maji yaliyooshea matunda na vyombo nayo hubeba sukari. Yakiingia katika dimbwi la mto wa msimu, vijidudu huila sukari hiyo na kuimaliza oksijeni iliyomo, maji yakanuka. Kanuni za ubora wa maji zinakataza kumwaga majitaka ovyo, lakini ni afisa gani atakayefika kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba ya mtu?

Baya zaidi ni maembe mabovu yanayotengwa na kutupwa lundo. Humo huzaliana nzi wa matunda. Aina moja kali kutoka Asia iligunduliwa hapa Kenya mwaka 2003, na kwa sababu ya wadudu hao nchi yetu ilisitisha kupeleka maembe katika Muungano wa Ulaya mwaka 2014. Kikundi kinachotupa mabovu kando ya shamba, basi, huwafugia majirani zake adui. Dawa yake si ngumu. Watafiti wa icipe, kituo cha wadudu kilichoko Nairobi, wamekuwa wakihimiza mahema ya wavu ambamo matunda mabovu hutiwa. Nzi wanaoanguliwa hushindwa kutoka, ilhali nyigu wadogo wanaowaangamiza nzi hupenya matundu na kurudi shambani. Maganda nayo ni chakula cha mifugo yakitolewa kwa kiasi, na kokwa zikikauka zaweza kupunguza haja ya kuni.

Linabaki suala la mikono. Wanaosimama kutwa wakimenya ni wanawake, hali hati ya shamba, na miti iliyomo, mara nyingi ina jina la mume. Mama akirudi jioni maji hayajatekwa na chakula hakijapikwa. Walimu wa huko wanajua ni binti yupi huchelewa shuleni msimu huo, na sababu yake.

Wale wanaofundisha somo la Kilimo wangewapa wanafunzi mizani na daftari. Wapime kuni zinazoingia kibandani na embe kavu linalotoka. Waandike pia saa za kazi za mama mmoja kwa wiki moja, kisha wagawe mapato kwa saa hizo.