Unyevu, Uzito Mkavu na Kirutubishi: Istilahi za Upimaji wa Mbolea

Karatasi ya matokeo ya maabara ikipelekwa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, msomaji wake wa mwisho ni mkulima wa migomba na kahawa, ambaye mara nyingi lugha yake ya kwanza ni Kihangaza au Kisubi. Kati yake na mpimaji wamo mfasiri, mtumishi wa wilaya na bwana shamba, na Kiswahili ndicho kiungo chao. Istilahi ikilegea, hesabu ya shamba nayo hulegea. Katika makala hii tunakusudia kueleza istilahi chache za upimaji wa mbolea kwa mizani, na kupendekeza namna ya kuzitumia.

Tuanze na unyevu. Mpimaji hupima sampuli ya samadi, huikausha katika tanuri lenye joto la nyuzi 105 za Selsiasi, huipoza katika chombo kisichopitisha unyevu wa hewa, kisha huipima tena. Hurudia hivyo mpaka uzito usibadilike. Uzito wa kwanza ni "uzito mbichi". Wa mwisho ni "uzito mkavu". Tofauti yake, ikigawanywa kwa uzito mbichi na kuzidishwa kwa 100, huitwa asilimia ya unyevu. Lakini samadi inapokaushwa hupoteza pia gesi ya amonia, si maji peke yake. Kwa hiyo, pale ambapo matini asilia inataja uzito uliopotea tu, tunapendekeza "upungufu wa ukaushaji", na neno "unyevu" liachiwe maji yenyewe.

Jambo la pili ni asilimia. Tuchukue mfano wa gunia la kilo 50 la samadi yenye unyevu wa asilimia 60. Ripoti yasema: naitrojeni, asilimia 2. Ikiwa ni asilimia ya uzito mkavu, yaani kilo 20, gunia lina kilo 0.4 za naitrojeni. Msomaji akidhani ni ya uzito mbichi, atahesabu kilo 1, yaani mara mbili na nusu ya kiasi kilichomo. Migomba yake itapungukiwa chakula, na chanzo ni neno moja lililoachwa katika tafsiri.

Tatu, "rutuba" na "kirutubishi" si kitu kimoja. Rutuba ni hali ya udongo. Kirutubishi ni kile mmea unachokula, kama vile naitrojeni, fosforasi au potasiamu. Fosforasi yaweza kupimwa kwa mizani: mbolea huyeyushwa, hutiwa kemikali inayoigandisha fosforasi, na chembe zinazotuama, yaani "mashapo", huchujwa, huoshwa, hukaushwa na kupimwa. Kwa kuwa muundo wa mashapo hayo unajulikana, uzito wake hutupa uzito wa fosforasi. Naitrojeni hufuata njia nyingine, iliyotangazwa na Mdenishi Johan Kjeldahl mwaka 1883: hugeuzwa kuwa amonia, ambayo hukadiriwa kwa asidi. Hata hapo, sampuli hupimwa kwanza kwa mizani.

Nne, mfuko wa mbolea ya DAP huandikwa 18-46-0. Namba ya kwanza ni asilimia ya naitrojeni. Ya pili si ya fosforasi yenyewe, bali ya oksidi ya fosforasi. Fosforasi yenyewe ni kama asilimia 20. Mwalimu anayefundisha kwamba mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za fosforasi amezidisha zaidi ya mara mbili, kwani zilizomo ni kama kilo 10.

Ni dhahiri, basi, kwamba asilimia isiyotajiwa uzito wake ni sentensi isiyokamilika. Tunapendekeza kila tafsiri iandike kwa ukamilifu: "asilimia 2 ya uzito mkavu". Maneno hayo mawili ya nyongeza hayamgharimu mfasiri kitu, lakini humwezesha mkulima kujua anachopeleka shambani.